Sapoti ya mkono kwa mshipa uliobanwa: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, na kwa mwaka mzima uliopita nimeishi na mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Ninaandika kuhusu kifaa kilichonisaidia, yaani sapoti ya kuvaa usiku, ambayo wengine huiita banzi, pamoja na mazoezi tiba niliyopewa. Ninaandika pia kuhusu miezi niliyoipoteza kabla ya kufika huko, kwa kuwa fedha nilizozitumia wakati huo zingetosha kununua sapoti kadhaa.

Ganzi ilianza mwezi Januari, wakati shule zinafunguliwa na sisi mafundi tunakesha na sare. Nilikuwa nikikata kaki nzito kwa mkasi tangu asubuhi hadi jioni, na usiku nikaanza kuamshwa na mkono uliokufa ganzi kuanzia kidole gumba hadi cha kati, pamoja na nusu ya kidole cha pete. Nilikuwa nikikaa kitandani na kuukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, kisha hali inatulia kwa saa moja au mbili. Baadaye nikaanza kuangusha sindano na vifungo.

Kuanzia hapo hadi Julai nilimeza vidonge vya vitamini vya "kuimarisha mishipa" na vya kutuliza maumivu, nikachomwa na sindano za makalio katika zahanati moja ambayo sitaitaja, na hakuna hata mtu mmoja aliyeushika mkono wangu akaupima. Vitamini za kundi B humsaidia mtu aliyepungukiwa nazo, lakini haziwezi kuupanua upenyo ambao mshipa umebanwa ndani yake. Jambo hilo nililielewa nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Mwezi Agosti nilifika kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana wa umri wa mwanangu wa pili. Aliniambia nikunje vifundo vyote viwili, migongo ya viganja ikutane, nikae hivyo kwa dakika moja. Kabla dakika haijaisha vidole vilikuwa vimeanza kuwaka. Kisha akagonga kwa kidole katikati ya kifundo, na shoti ikaruka hadi kwenye kidole cha shahada. "Mama, na kidole kidogo nacho kinakufa ganzi?" akauliza. Nilipokataa, alieleza kwamba kidole hicho hupata hisia kwa mshipa mwingine, unaopita nyuma ya kiwiko, kwa hiyo jibu langu lilikuwa limemwonyesha njia. Aliipima pia shingo, kwa kuwa mshipa ukibanwa kwenye pingili za shingo huweza kuleta ganzi inayofanana, na akanituma nikapimwe sukari ya damu, maana kisukari huifanya mishipa ya fahamu iwe dhaifu zaidi. Sukari yangu ilikuwa sawa.

Sasa kuhusu sapoti yenyewe. Niliinunua kwa shilingi 40,000 katika duka la vifaa tiba. Ni kitambaa kigumu chenye mikanda mitatu ya kunata na bamba la chuma upande wa kiganja. Kazi yake ni kuzuia kifundo kisikunjike usingizini, kwa sababu kinapokunjika, shinikizo huongezeka ndani ya upenyo mwembamba ambamo kano 9 za vidole hupita pamoja na mshipa huo mmoja. Kasoro kubwa niliyoikuta ni kwamba bamba lilitoka kiwandani likiwa limepinda, likiinua kiganja juu, na kwa wiki ya kwanza sikuona nafuu yoyote. Nilipoirudisha kwa yule kijana alilichomoa bamba, akalinyoosha kwa mikono, akalirudisha mahali pake, na mkono ukakaa sawa kabisa na kigasha. Nadhani watu wengi huitupa sapoti kwa sababu hiyo tu. Kasoro nyingine ni joto: usiku wa Oktoba hapa Dodoma, kabla ya mvua, ngozi iliniwasha hadi nikaanza kuvaa soksi nyepesi iliyokatwa ncha chini yake.

Mazoezi yalikuwa mepesi, ya kukunja na kunyoosha vidole kwa hatua ili kano zisigandamane, na kwa haki siwezi kusema ni kiasi gani yalichangia. Kupunguza kazi ya mkasi kulisaidia zaidi. Sasa ninaunoa mara kwa mara na kitambaa kizito anakata kijana wangu.

Katika wiki ya tatu nililala usiku kucha bila kuamka. Kufikia wiki ya nane ganzi ya mchana ilibaki kwenye ncha ya kidole cha kati tu. Sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe kwenye kifundo na upasuaji wa kukata kano pana inayoufunika upenyo ni hatua ambazo daktari alinieleza, ila sikuzihitaji. Alinionya kwamba nikiona nyama ya chini ya kidole gumba inabonyea, nisiendelee kutegemea sapoti.

Shemeji yangu, mkulima wa zabibu huko Hombolo, alitaka kununua sapoti ya goti baada ya kusikia habari zangu, kwa kuwa wayo wake ulikuwa unaburuza. Nilimsihi apimwe kwanza. Kumbe mshipa wake ulibanwa upande wa nje, chini kidogo ya goti, kutokana na kuchuchumaa saa nyingi akipalilia, na sapoti ya kukaza mahali hapo ingeweza kuuminya zaidi. Yeye aliambiwa aache kuchuchumaa, akapewa mazoezi na kifaa cha kuinua wayo, na alihitaji miezi mingi zaidi kuliko mimi.

Mikanda ya sapoti iliacha kunata baada ya miezi mitatu. Niliibandua nikashona mingine, ya upana wa sentimita 5, na hiyo ndiyo ninayoivaa tena msimu huu wa sare.