Greni 168 au 175? Uzoefu wangu na risasi za .308 kwenye yadi 1,000

Naishi Ohio, na kulenga shabaha za mbali ndio mchezo wangu. Bunduki yangu ni ya .308 Winchester, yaani saizi ya risasi inayotumia, na uzito wa kichwa cha risasi tunaupima kwa greni. Ndugu wanaoanza mchezo huu hapa Marekani huniuliza swali hilihili: ninunue risasi nyepesi yenye mbio, au nzito inayotoka taratibu kidogo? Nimezitumia zote mbili, na jibu langu kwa masafa marefu ni nzito.

Nianze na Federal Gold Medal zenye kichwa (kile kipande kinachoruka hadi kwenye shabaha) cha Sierra MatchKing cha greni 168, karibu gramu 11. Kiwanda kinazitaja kuwa na kasi ya futi 2,650 kwa sekunde. Hadi yadi 600 nazipenda sana: matundu yanakaribiana, bega halichoki, na hupatikana kwa urahisi madukani. Za greni 175 za aina hiyohiyo zinatajwa kwa futi 2,600. Ukisoma pakiti tu, utachukua 168.

Lakini shabaha haiko mdomoni mwa mtutu. Risasi inapoteza kasi tangu inapotoka, na cha kuangalia ni kasi inayobaki nayo ikifika. Greni 175 inapasua hewa vizuri zaidi, hivyo ikifika yadi 1,000, yaani mita 914, imeshaizidi 168, na kwa kawaida bado iko juu kidogo ya kasi ya sauti, ambayo ni kama futi 1,120 kwa sekunde. Ile 168 ilibuniwa kwa mashindano ya mita 300. Kitako chake kimechongwa kwa pembe kali, na inapokaribia kasi ya sauti huanza kuyumba kama pia inayoishiwa nguvu.

Ukitaka kujionea, shika zamu handakini. Kwenye viwanja vya shabaha za karatasi wachezaji hupokezana: wengine wanapiga, wengine wako chini ya ukuta wa udongo wakishusha na kupandisha shabaha. Risasi ya 175 ikipita juu yako inalia pa! kavu, na bila kinga masikio yanauma. Ya 168, hasa asubuhi ya baridi, mara nyingine inapita kwa mvumo tu, mpaka unamuuliza jirani kama kuna aliyepiga. Ishushe shabaha uangalie. Tundu la 175 ni duara safi lenye pete nyeusi ukingoni. La 168 wakati mwingine limerefuka, maana risasi imeingia ikiwa imelala upande.

Halafu kuna upepo, na hapo ndipo pointi nyingi zinapopotea. Camp Perry, ambako mashindano ya taifa yamekuwa yakifanyika tangu 1907, iko ukingoni mwa Ziwa Erie na upepo wake haukai mahali pamoja. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa huisogeza 175 karibu mita 2 na nusu kwenye yadi 1,000. Duara la pointi 10 katika F-Class, aina ya mashindano ya masafa marefu ninayocheza, lina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25. Ukikadiria upepo vibaya kwa sehemu moja ya kumi, umeshatoka nje ya duara.

Ndiyo maana rafiki zangu wengi wamehamia 6.5 Creedmoor, saizi nyingine ya risasi, nyembamba kuliko .308. Nimepiga Hornady ELD Match ya greni 140, inayotajwa kwa futi 2,710, na sina budi kuisifu: upepo uleule huisogeza kama mita 1.7 tu, na bunduki inasukuma bega kwa upole kuliko nilivyozoea. Kama hubanwi na kanuni, anza nayo. Mimi nimebaki na .308 kwa sababu napiga daraja la F-TR, tawi la F-Class linaloruhusu .223 Remington na .308 Winchester peke yake. Na kanuni zinaweza kukugeuza upande wa pili pia: mashindano ya kimataifa ya Palma yanataka kichwa kisichofika greni 156, kwa hiyo wenzetu wa huko hutumia mitutu mirefu na kuisukuma greni 155 kwa kasi kubwa ili ifike yadi 1,000 ikiwa na nguvu.

Kabla ya kununua nzito zaidi, sema greni 200, angalia mtutu wako. Ndani yake kuna mifereji iliyosokotwa inayoizungusha risasi ili itulie. Uliosokotwa mzunguko mmoja kwa inchi 12 unazimudu 168 na 175. Kwa 200 nataka inchi 10, la sivyo risasi ndefu hivyo haitulii.

Kitu cha mwisho, ambacho mimi nakiweka mbele ya uzito wenyewe, ni kasi isiyobadilikabadilika. Kwenye yadi 1,000, tofauti ya futi 20 kwa sekunde kati ya risasi mbili za 175 huzitenganisha kwa sentimita 20 hivi, juu na chini. Niliwahi kupima kwa kronografu, kifaa cha kupimia kasi, risasi za bei nafuu za chapa moja, na kasi zilipishana zaidi ya hapo ndani ya pakiti moja. Kwa mazoezi ya yadi 100 zinafaa. Kwa mbali usizinunue. Nunua kwanza pakiti moja ya mashindano, ipime, na ikikubali bunduki yako, soma namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye boksi. Rudi dukani ununue za msimu mzima zenye namba hiyohiyo.