Misaada ya kanisa baada ya maji kutuingilia, Sebleni: nyota 4 kati ya 5

Natoa nyota 4, ile ya tano ntaeleza huko mbele kwa nini nimeizuia. Nimeamua kuandika mana masika inakaribia na kila mwaka mtaani ni maswali yale yale, ukifikwa uende kwa watu wa kanisa au usiende, wanagaia nani, watakutaka nini, na wanaojibu kwa sauti kubwa ni wale ambao nyumba zao ziko juu hawajawahi kuamka godoro linaelea.

Sisi tuko upande wa Sebleni, hapa Unguja mjini, bondeni kabisa. Anaeijua Ng'ambo anajua, huku na Mwanakwerekwe ni mahali maji yalipokuwa yakituama tangu zamani, sisi watu ndo tukaja kujenga juu yake, na ile mitaro mikubwa ilojengwa miaka hii imepunguza shida sana lakini mvua ya Aprili ikipiga siku mbili bila kukata maji yanarudi kwao. Siku yetu yaliingia tumemaliza kula daku tu, hata alfajiri bado. Saa moja haijatimia yako magotini, friji limelala ubavu, na kibaya kuliko vyote karo la choo likafurika likachanganyika na maji ya kisima. Mama nlimpandisha juu ya meza, shemegi akaja kumtoa mgongoni.

Na nisieleweke vibaya, mskiti wetu ndo ulotupokea mwanzo na majirani wa juu walituletea futari siku zote zile, Mungu awalipe. Lakini nao wana watoto wao, sufuria moja haiwezi kulisha mtaa wiki nzima. Siku ya tatu ndo wakaja hawa wa kanisa.

Walichonipendezea cha kwanza ni kwamba hawakuja na keri limejaa vitu. Walikuja watu wawili, mama mmoja mtu mzima na kijana, wana daftari la kaunta na kalamu, wakapita kwanza kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, kisha nyumba kwa nyumba. Alipofika kwetu yule mama akavua viatu mlangoni, na ndani ni tope tupu, akamwambia mama, "Shikamoo bi mkubwa, pole sana. Dawa zako ziko wapi?" Mama akanitazama mimi. Siku tatu nzima tunahangaika na magodoro na vyeti vya watoto, hakuna alokumbuka kuwa mama ni mtu wa presha na dawa zake zilikuwa kwenye mkoba chini ya kitanda. Akaandika, na kesho yake asubuhi ikaja bajaji kumchukua mama kumpeleka kupimwa, akarudi na dawa za mwezi. Wallahi kwa hilo peke yake mimi nawapa nyota mbili.

Mgao wenyewe ulikuwa uwanja wa kanisa. Kila nyumba ilipewa kadi ina namba na saa, na saa zote zilikuwa baada ya alasiri kwa sababu ya funga, wakahakikisha kabla ya magharibi kila mtu yuko kwao. Tulipata mchele, unga wa ngano, maharage, mafuta, sukari, tende, sabuni za kufulia, chandarua, ndoo yenye kifuniko na kanga mpya doti moja kwa kila mwanamke wa nyumba. Mpya nasema. Mana mafuriko ya nyuma kuna kikundi kilikuja kutumwagia mitumba barazani, makoti ya baridi na viatu vya mguu mmoja, tukabaki na kazi ya kutupa. Nlimuuliza mmoja wa wagawaji mbona hamna nyama ya kopo kama wanavoleta wengine, akasema hawajui imechinjwaje kwaivo wameiacha, maharage hayana mjadala. Nlifurahi, mana ni jambo dogo lakini lazima mtu alikaa akatufikiria.

Alafu maji. Hapa ndo walipofanya kazi ya kweli na hapa ndo watu hawapasemi. Kipindupindu cha 2015 na 2016 sote tunakikumbuka, na mtaa ambao karo na kisima vimechanganyika unakingoja tu. Walikuja na pampu wakakausha visima vitatu, wakavisafisha, wakatia klorini, na katika kila ndoo ya mgao walitia vidonge vya kusafishia maji. Kijana akakaa barazani kwetu na ndoo ya lita 20 akatuonesha, maji yakiwa na tope chuja kwanza kwa kitambaa safi, tia kidonge kimoja, funika, subiri nusu saa, kisha kunywa. Mama alisema yananuka, kijana akamwambia bi mkubwa hiyo harufu ndo dawa yenyewe. Chumvichumvi za kumnywesha anaeharisha walizigawa pia, nyumba yenye mtoto mdogo ikipata zaidi.

Watu wananiuliza walituhubiria? Hapana. Padri alikuja siku ya mgao, akasalimia, akamuomba mzee mmoja wa mtaa aombe dua, mzee akasoma Fatiha, padri kasimama kimya mikono mbele mpaka mwisho. Kwa sisi tulolelewa mjini si ajabu hivo. Marehemu bibi alikuwa akitusimulia hospitali ya misheni pale Mkunazini, Waislamu wakiingia na kutoka, na masista wa nyumba ya wazee ya Welezo wamewaosha na kuwalisha wazee wetu miaka chungu nzima.

Sasa ile nyota moja. Orodha ilifuata mwenye nyumba, wapangaji wakaachwa. Jirani yangu amepanga chumba cha uani na watoto wanne, maji yalimfika kiunoni, jina lake halimo, mwenye nyumba anaishi kwengine kabisa na kadi imetoka kwa jina lake. Ilibidi twende mara tatu ndo akaandikwa, na chandarua zilishakwisha. La pili ni picha. Siku ile walikuwepo wageni waliochangia, wakawa wanapiga picha kila anaekabidhiwa kitu, dada mmoja akajifunika uso kwa mtandio na mfuko kaushika kwa mkono mmoja, karibu unga umwagike. Tulimwambia yule mama wa daftari, akaenda akazungumza nao na picha zikasita hapo hapo, lakini lilitakiwa liwe limezungumzwa kabla, mtu alopoteza kila kitu asibebeshwe na aibu.

Baada ya mwezi walirudi, hili sikulitegemea. Wakapima visima tena, wakauliza yule mpangaji kahamia wapi, wakampelekea chandarua chake.

Kwa hiyo ukifikwa nenda. Ukiwa mpangaji kajiandikishe mwenyewe kwa sheha siku hiyo hiyo, usimngoje mwenye nyumba. Paketi za dawa za wazee zitie kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati kuanzia sasa. Na ukiwa na mgonjwa au mjamzito usisimame foleni kubwa, ulizia mlango wa upande, walituwekea mkeka na kivuli huko.