Ngazi 76 Kwenda Chini: Tathmini ya Handaki la Uxbridge

Yeyote anayetaka kuelewa kwa nini vita vya anga kati ya Uingereza na Ujerumani, vilivyopiganwa juu ya Uingereza kati ya Julai na Oktoba 1940, vilibadili mwelekeo wa Vita vya Pili vya Dunia, ningemshauri aanzie Uxbridge, magharibi mwa London, kabla ya kwenda kutazama ndege katika makumbusho nyingine yoyote. Hapo ndipo ilipo Battle of Britain Bunker, handaki ambalo ndani yake ziliongozwa ndege za Kundi Namba 11, kundi la ndege za kivita lililolinda London na kusini-mashariki mwa nchi. Nimetembelea makumbusho kadhaa za vita, na nyingi hukuonyesha silaha. Hii inakuonyesha namna uamuzi ulivyofanywa.

Kushuka ni kwa ngazi 76, kiasi cha mita 18 chini ya ardhi, na ziara huongozwa na mwenyeji anayeijua kazi yake. Chini kabisa unakutana na meza kubwa ya ramani, iliyopangwa kama ilivyokuwa asubuhi ya 15 Septemba 1940. Ukutani kuna ubao wa taa zilizoonyesha hali ya kila skwadroni, yaani kikosi cha ndege: ipi iko tayari, ipi imekwisha kuruka, ipi imekabiliana na adui, ipi imerudi kujaza mafuta na risasi. Makamanda walikaa juu, nyuma ya vioo, wakiitazama meza.

Kitu kilichonishika kuliko vyote ni saa ya ukutani. Uso wake umegawanywa kwa pembetatu nyekundu, za manjano na za buluu, na kila pembetatu ni dakika tano. Wanawake wa jeshi la anga waliosimama kuizunguka meza waliiwekea kila taarifa alama ya rangi iliyokuwa ikielekezwa na mshale wa dakika wakati taarifa hiyo ilipoingia, kwa hiyo kamanda akitupa jicho tu alijua taarifa ipi ni mbichi na ipi imepitwa na wakati. Ndege ya mabomu inayokwenda kilomita 300 kwa saa husogea kilomita 25 katika dakika tano. Kuwatuma marubani kwa taarifa ya robo saa iliyopita ni kuwatuma mahali ambapo adui hayupo tena. Nilisimama mbele ya saa ile kwa muda mrefu kuliko wenzangu wote.

Rada za wakati huo, mitambo inayogundua ndege kutoka mbali kwa mawimbi ya redio, zilitazama baharini pekee. Adui akishavuka pwani, alifuatiliwa kwa macho na masikio ya watazamaji waliokaa vilimani na mashambani wakiwa na darubini na simu. Taarifa za rada zilichujwa kwanza Bentley Priory, makao ya kamanda mkuu Hugh Dowding, kisha zikaletwa Uxbridge, ambako kamanda wa Kundi Namba 11, Keith Park, mzaliwa wa New Zealand, alituma amri kwa vituo saba vya ndege: Biggin Hill, Kenley, Tangmere, Hornchurch, North Weald, Debden na Northolt. Bila mpango huu Waingereza wangelazimika kurusha doria mchana kutwa na kuwachosha marubani bure.

Umuhimu wa kimkakati unajitokeza mtu akiitazama ramani kwa utulivu. Ujerumani ilihitaji kulitawala anga kabla ya kuvusha majeshi baharini kuivamia Uingereza, kwa kuwa jeshi la majini la Uingereza lilikuwa kubwa mno kwake. Waingereza, kwa upande wao, hawakulazimika kuliangamiza jeshi la anga la Ujerumani. Ilitosha wawe bado wanaruka wakati kiangazi kinakwisha na bahari inaanza kuchafuka. Ndiyo maana naona Park alikuwa sahihi kutuma skwadroni chache chache badala ya kuziweka zote hatarini kwa mara moja, ingawa wapo waliomlaumu kwa hilo. Siku ile ya 15 Septemba waziri mkuu Winston Churchill alikuwa humu humu ndani, akamwuliza Park kuna akiba gani nyingine, naye akajibiwa kwamba hakuna. Waingereza walitangaza kuwa wameangusha ndege 185 siku hiyo. Hesabu ya baadaye ilionyesha takriban 60. Hata hivyo, siku mbili baadaye Hitler aliahirisha uvamizi bila kutaja tarehe mpya. Kati ya karibu wanaanga 3,000 waliopigana upande wa Uingereza, wakiwemo Wapoland na Wacheki waliokwisha kupoteza nchi zao, 544 walikufa. Dowding na Park wote wawili waliondolewa kwenye nafasi zao kabla mwaka haujaisha, jambo ambalo bado linanisikitisha.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kuitazama meza hii. Julai hiyo hiyo ya 1940 Waitalia, washirika wa Ujerumani, waliiteka Moyale, mji wa Kenya mpakani na Ethiopia, na mapema 1941 askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyotoka Kenya kuelekea Somalia na Ethiopia. Kama London ingelazimika kusalimu amri mwaka uliotangulia, sioni jinsi safari ile ingefanyika.

Napendekeza upitie kwanza ukumbi wa maonyesho ulio juu, uliofunguliwa 2018, ili ukishuka uzijue alama zilizo mezani. Mwenye matatizo ya magoti azifikirie zile ngazi mapema, maana ni 76 hizo hizo wakati wa kupanda. Treni za njia za Metropolitan na Piccadilly za reli ya chini ya ardhi ya London hufika Uxbridge. Tenga nusu siku nzima, na ukiingia chumbani, tafuta nafasi ya kusimama unakoweza kuiona saa na meza kwa pamoja.