Deni la hatifungani: tuhesabu kilichoandikwa au bei ya soko?

Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa hapa Mbeya, hasa vinavyonunua hatifungani za serikali (hati za mkopo ambao serikali inachukua kwa wanunuzi), ubishi huu haukauki: hatifungani zote za nchi ambazo hazijaiva, yaani hazijafika siku ya kulipwa, zijumlishwe kwa kiasi kilichoandikwa juu yake, au kwa bei ya leo sokoni?

Kwa urahisi, kilichoandikwa kinashinda kwa mbali. Jumlisha matoleo yote, toa yaliyokwisha kulipwa, basi. Ndicho serikali itakachodaiwa siku ya kuiva, na ndicho kinachotumika kwenye ukomo wa deni la serikali wa asilimia 60 ya pato la taifa kule Umoja wa Ulaya.

Ila hakihisi riba ikipanda. Chukua hatifungani ya shilingi 1,000,000, riba asilimia 12, imebakiza mwaka mmoja na riba inalipwa mara moja mwishoni. Soko likidai asilimia 15, mnunuzi hatoi zaidi ya 973,900 hivi. Daftarini deni ni lilelile. Mali ya mwenye nayo imepungua. Hapo bei ya soko ndiyo inayosema kweli. Lakini hatifungani nyingi hukaa kwa wenyewe bila kuuzwa, kwa hiyo bei mara nyingi ni ya kukadiria. Tena serikali ikipoteza imani ya wakopeshaji, bei ya hatifungani zake hushuka, na kwa kipimo hicho deni eti "linapungua"! Hilo hunichekesha.

Mtunza hazina anayesubiri ziive, ashike kilichoandikwa. Anayetaka kuuza apate hela ya mbolea kabla ya mvua za Novemba, aangalie soko. Anayelinganisha nchi na nchi, ahakikishe kwanza zimepimwa kwa kipimo kimoja.