Mafunzo ya urubani Wilson: bei ya saa na gharama halisi

Nilijiunga na chuo kimoja cha urubani katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kwa sababu bei yake ya saa ya kuruka ilikuwa chini kuliko ya vyuo vingine vitatu nilivyotembelea, na kwa sababu kilikubali nilipie kila somo peke yake badala ya kudai karo yote kwa mkupuo. Nakisifu kwa hilo la pili bila kusita, maana mojawapo ya ndege zake mbili ilipokaa karakana majuma matano ikisubiri kipuri, fedha zangu zilikuwa bado mikononi mwangu.

Kuhusu bei yenyewe, yapo ambayo hayakuandikwa kwenye kipeperushi. Saa inayolipiwa huhesabiwa tangu injini inapowashwa, si tangu magurudumu yanapoacha ardhi, na Wilson ni uwanja wenye shughuli nyingi. Siku moja tulisimama nyuma ya ndege nne za watalii waendao Maasai Mara, na mnara wa kuongozea ndege ulipoturuhusu kupaa, mita ya saa ya ndege yetu ndogo, Cessna 172, ilikuwa imefika 0.4 ya saa. Hizo ni dakika 24 nilizozilipia nikiwa chini, kwa somo la kutua ambalo hata sikuwa nimelianza. Mkufunzi wangu, mtu makini na mwenye subira ya ajabu, alinihamishia zamu ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni. Hapo nikapata faida mbili: niliepuka foleni, na kwa kuwa Wilson iko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, hewa ya baridi ya alfajiri, iliyo nzito zaidi, huipandisha ndege vizuri zaidi kuliko ile ya adhuhuri.

Lawama yangu kubwa ni mapengo. Leseni ya rubani binafsi huhitaji angalau saa 40; mimi niliipata kwa saa 51, kwa kuwa kila ndege ilipokosekana nilirudi mkono ukiwa mzito, tukarudia yale yale. Taarifa za kuahirisha pia zilinifikia nikiwa tayari ndani ya matatu.

Anayetaka leseni ya rubani wa biashara, yaani ya kurusha ndege kwa malipo, aulize kwa maandishi kama kozi ya chuo imeidhinishwa kwa saa 150 au ni ile ya kawaida ya saa 200, kwani tofauti ya saa 50 humeza punguzo lolote la bei. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho rubani wa aina hiyo hutakiwa kuwa nacho, kipatikane kabla ya kulipa hata shilingi.

Nimeamua kuendelea pale pale, kwa mkufunzi yule yule na zamu ile ile ya alfajiri, nikilipa somo kwa somo. Ile ndege ya pili imerudi kazini.