Apu ya kufundisha watoto wa Kichina: nyota tatu, na zote ni za mtoto na bibi yake

Watu wameniuliza sana kuhusu hii kazi, basi ngoja niandike mara moja niimalize. Nimefundisha Kiingereza miaka miwili na ushee kwenye apu ya kampuni moja ya Beijing, jina silitaji, nikiwa hapa Minnesota. Somo dakika 25, mtoto mmoja ticha mmoja, slaidi wanaleta wao, wewe kazi yako hedifoni, kamera na kurusha mikono kama kondakta wa daladala. Shida ya kwanza ni saa. Watoto wanasoma jioni wakishatoka shule, na saa kumi na mbili jioni ya Beijing huku kwetu wakati wa baridi ni saa kumi alfajiri, halafu China hawabadilishi saa, kwa hiyo majira ya joto yakifika unapata lisaa limoja zaidi la kulala unajiona umeokota dhahabu.

Malipo sina neno. Ila walikuwa wanaajiri paspoti, sio mtu. Mimi ninayo ya Marekani nikapita, rafiki yangu aliyesomea Kiingereza chuo kikuu Dar, anakijua kunishinda mimi, walimkataa hata hawajamsikia akiongea. Nyota moja nimekata hapo.

Sasa mtoto. Nilikuwa na mmoja wa miaka sita, kajipa jina la Kiingereza la tunda, na mimi nani nimwambie hilo sio jina la mtu wakati kwetu kuna kina Shida na Tabu na Sikujua. "Thank you" kwake ilikuwa "senki yu" maana Kichina hakina ile th, nikamfundisha kwa thelathini, ulimi kati ya meno, the-la-thi-ni, akaipenda akawa anaisema hata pasipo sababu. Maneno nayo anayamalizia na irabu, "buku", "dogu", nikashindwa kumsahihisha bila kucheka kwa sababu mimi mwenyewe nimekua nikisema benki na kabati.

Bibi yake anakaa nyuma na sahani ya matunda, kila baada ya muda mkono unaingia kwenye kamera na kipande cha tikiti. Siku moja nikamwamkia shikamoo, imenitoka tu, mtu mzima yule unampitaje kimya jamani. Mtoto akauliza ndio nini, nikamweleza, tangu siku hiyo somo halianzi mpaka bibi aje apokee shikamoo yake, na yeye akajua kujibu, "malahaba", nikawa nasikia raha asubuhi nzima. Tarehe 10 Septemba ndio siku yao ya walimu, mtoto akanionyesha kadi kachora mwenyewe, nywele zangu kama wingu la mvua. Kule mwalimu haitwi jina tupu, ni fulani laoshi, kama sisi tu na mwalimu fulani.

Julai 2021 serikali ya China ikatoa sera ya kuwapunguzia watoto mzigo wa homuweki na tuisheni, na humo ndani ikapiga marufuku kutumia walimu walioko nje ya nchi kufundisha watoto. Sera sigombani nayo, wazazi walikuwa wanakamuliwa hela kweli. Hasira zangu ni kwa apu. Kupeana namba na mzazi lilikuwa kosa la kufukuzwa, sawa, nikatii, halafu vifurushi vya masomo vilipoisha ratiba ikawa nyeupe tu, somo la kuagana hakuna, ujumbe kwa mzazi hauendi. Nikaandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa na roboti ananishukuru kwa mchango wangu. Nyota ya pili hiyo.

Siku hizi zipo apu za watu wazima, marufuku haikuzigusa. Nilijaribu mwezi mmoja, wanafunzi waungwana sana, wanataka mazoezi ya intavyuu za kazi, wanashukuru, kamera wamezima. Malipo yako chini kidogo. Kama unahitaji hela jiunge, hedifoni nunua yenye maiki nzuri, ila ile taa ya duara ya bei mbaya achana nayo, taa ya mezani inatosha kabisa.