Shule ya urubani hapa Kisumu: ndege kuukuu, vitabu safi (nyota 4 kwa 5)

Wacha niseme yangu kuhusu hii shule ninayosomea urubani hapa Kisumu tangu mwaka jana, jina siweki hapa. Kila mtu huniuliza kama ndege ziko mpya. Haziko. Cessna 172 ya kwanza kuonyeshwa nilidhani imenizidi umri mimi na mamangu, kiti kimeshonwa na uzi wa rangi ingine na mlango wa kushoto mpaka uuvute mara mbili ndio ushike. Kidogo nidai pesa zangu nirudi Kakamega.

Kilichonibakisha ni teki logi, kile kitabu cha kuandika kasoro na matengenezo ya ndege.

Kule nilikoanzia (si huku, na sitapataja) tulikuwa tunatesti injini kabla ya kuruka, mizunguko 1700 kwa dakika, magineto ya kushoto (ziko mbili, ndizo hupatia plagi moto) inaangusha karibu 200 na kijitabu cha hiyo ndege kinasema isipite 125. Instrakta akapunguza mafuta kwa mchanganyiko, akaongeza moto kidogo, plagi zikajichoma uchafu, ikarudi 110, tukaenda. Hiyo ni kawaida, avigasi, mafuta ya hizi ndege, iko na madini ya risasi ndani na huganda kwa plagi. Lakini wiki hiyo hiyo ilifanya hivyo mara nne, na niliposhika kalamu niandike akaniambia "wachana nayo, ukiandika ndege inalala." Nikaangalia ukurasa mzima juu hadi chini: hakuna, hakuna, hakuna. Ndege ya mwaka wa sabini na kitu haina kasoro hata moja, ati.

Huku fundi mkuu ni mzee fulani sote tunamwita Jaduong', hata sisi tusiojua Kijaluo. Siku ya kwanza alinikalisha na kitabu kabla sijashika ufunguo. "Kijana wangu, saa ngapi zimebaki kabla ya sevisi?" Takomita, ile mita inayohesabu saa za injini, ilikuwa 4,871.3, sevisi ni 4,898.0, nikasema 26.7. Akasema haya, na nani aliirudisha kazini mara ya mwisho? Nikababaika. Akafunua nyuma akanionyesha cheti, tarehe, sahihi, namba ya leseni ya injinia. "Hii ikikosa, hiyo nje ni banda la kuku lenye mabawa."

Halafu akanipeleka kwa kiti. Hizi Cessna kiti kinateleza juu ya reli zenye matundu na pini ndio inakishikilia, sasa matundu yakilika pini haishiki vizuri, unaanza kupanda pua juu, kiti kinarudi nyuma na wewe umeshikilia usukani, unauvuta nao, unaelewa mwenyewe kitakachofuata. FAA, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani, walitoa agizo kuhusu hizo reli 1987, wakalitoa upya 2011, zikaguliwe kila saa 100. Jaduong' alinipitisha tundu moja moja na tochi ya simu, nimepiga magoti kwa simiti. Mpaka leo nikikaa natikisa kiti mbele na nyuma kabla ya mshipi.

Sasa nyota moja imeenda wapi. Kwanza spea. Sevisi ya saa 50 ambayo walisema ni siku mbili ilikula siku 9 juu kuna kitu kilikuwa kinangojwa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na mimi nalipa kodi Manyatta na nakula omena kila jioni nikingoja simu. Pili ofisi. Siku moja bima ndani ya bahasha ya ndege ilikuwa imeisha, mpya iko kwa droo, na mwenye ufunguo wa droo ameenda Kibuye. Dakika 40! Tulipomaliza upepo wa ziwa ulikuwa umeshaanza na instrakta akasema tulale. Karatasi ni kazi yao, nisilipie mimi.

Lakini ile safari ya Eldoret tuliyozuiwa siwezi kuwalaumu. Zilikuwa zimebaki saa 1.2 kufika sevisi, kwenda na kurudi tumepiga hesabu 1.6, na instrakta alikuwa anasema labda upepo utatusaidia. Jaduong' hakubishana, alichukua tu ufunguo akautia mfukoni akaenda kunywa chai. Nilikasirika siku hiyo, siwadanganyi, nilikuwa nimeamka saa kumi usiku.

Mwenye anatafuta shule, kabla ya kuuliza bei ya saa omba teki logi ukae nayo chini. Ukiona kila ndege haijawahi kuwa na shida, au kumepakwa ile rangi nyeupe ya kufutia, beba bag yako. Kosa linakatwa mstari mmoja na sahihi kando, lisomeke.

Juzi nikaandika ya kwangu ya kwanza, taa ya kutua haiwaki. Jaduong' akavaa miwani, akasoma polepole, akanirudishia kitabu. Nilikuwa nimetumia kalamu ya kijani.